Saa za Swichi Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na lile goti limepoa. Mimi ni mzima wa mwili, ila kazi inanitoa jasho.

Wiki ya tatu sasa, kila ikikaribia saa nne asubuhi mtandao wa hospitali unakwama nusu saa nzima. Picha za eksirei haziwafikii madaktari. Alhamisi mgonjwa alikuwa tayari mezani, daktari wa upasuaji anasubiri picha, haiji. Mgonjwa alinusurika, lakini daktari alinijia juu: "Unataka nipasue kwa kubahatisha?" Mkuu wangu anasema nyaya nilizofunga mimi ndizo mbovu. Nisipoonyesha chanzo kabla mwezi haujaisha, nifungashe virago.

Basi nimezipanga ruta na swichi zote, yale masanduku yanayogawa mawasiliano vyumbani, zinitumie ripoti kwenye kompyuta moja: nani anatuma kwa nani, kiasi gani, saa ngapi. Lakini ripoti zenyewe vurugu tupu. Swichi ya wodi inasema msongamano ulikuwa saa tatu, ya maabara inasema saa sita. Sioni kichwa wala miguu. Naanza kuamini ni nyaya zangu kweli.

Mwanao


Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua nikipanda ngazi, lakini mdomo mzima, kama unavyojua.

Hizo swichi sizijui. Ila miaka ishirini na miwili niliunganisha simu za watu kwa mikono hii, na kila simu tuliiandika daftarini. Kabla ya zamu msimamizi alipaza sauti, "Saa zenu!" nasi tukalinganisha na ile ya ukutani. Siku moja mwenzangu alisahau. Daftari likaonyesha simu imekatwa kabla haijapigwa! Tulicheka mpaka tukafokewa.

Masanduku yako, mwanangu, yote yanasoma saa ileile?

Ule vizuri. Na usijihukumu kabla hujathibitisha.

Mama yako


Ijumaa, 21 Machi

Mama!

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Swichi kumi na nane, saa kumi na nane! Moja ilikuwa bado iko mwaka juzi. Nimezilinganisha zote zisome saa ileile, nikaacha ripoti zikusanyike wiki nzima. Jibu likajitokeza lenyewe: saa nne kasoro dakika tano, mtambo wa kamera mpya za ulinzi unaanza kusafirisha video zote za jana yake kwa kampuni iliyozifunga, tena kwa njia ileile ya eksirei.

Nilionyesha mchoro kikaoni. Mkuu akaanza, "Lakini nyaya..." Daktari wa upasuaji akamkatiza: "Nyaya gani tena? Huoni?"

Nimezitengea video njia yake. Jana saa nne tulisimama wote mbele ya skrini. Picha zikaingia moja baada ya nyingine, wauguzi wakapiga vigelegele. Mkuu alinipa mkono mbele ya watu, akakiri amekosea. Kuanzia mwezi ujao mtandao wote uko chini yangu!

Daktari aliuliza nani alinifunza. Nikamjibu, "Mama."

Mwanao


Jumanne, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, tena marahaba! Barua nimemsomea jirani mara mbili; mara ya tatu alikumbuka ana chungu jikoni.

Walipoleta mitambo inayounganisha simu yenyewe, walituambia tunayoyajua hayana kazi tena. Niliamini, mwanangu. Miaka yote hii niliamini.

Jumamosi nakuja kuyaona hayo masanduku. Nisubiri getini. Sitagusa kitu. Nikigusa, nitagusa kimoja tu.

Mama yako