Kikapu cha Ghorofa ya Tatu

Mitunguu, 3 Machi 1996

Kwa mwanangu Mwongera,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo unayajua. Watoto hawajambo huko Embu?

Jengo lako limekwisha na watu wanalisifu sana. Ulipobomoa kiduka changu cha mabati uliniahidi chumba cha chini, chenye mlango wa barabarani, niendelee kuuza ndizi. Sasa naona ameingia Bundi muuza simiti, nami nimepewa ghorofa ya tatu. Haya, sigombani. Nimefunga kikapu kwenye kamba ya ng'ombe. Nashusha ndizi kutoka dirishani, mteja anaweka pesa, navuta. Jana niliuza mkungu mzima! Jirani yetu Igoki alisimama chini akicheka mpaka akakaa.

Ni mimi mama yako,
Karambu

Embu, 20 Machi 1996

Mama mpendwa,

Habari za magoti? Sisi hatujambo, watoto wanakusalimia.

Mama, pole, lakini kamba hiyo iache. Bundi analalamika kwamba kikapu kinagonga wateja wake. Jumamosi nitapita niichukue. Kuhusu chumba cha chini, vumilia kidogo, mkataba wake ukiisha tutaongea.

Mwanao,
Mwongera

Embu, 9 Juni 1996

Mama mpendwa,

U hali gani? Nimekuandikia mara mbili bila jibu. Igoki ananiambia kwamba hata kanisani huonekani tangu Pasaka.

Mama, nilikudanganya. Bundi hakulalamika hata siku moja. Nilikuja na wenzangu wa ofisini kuwaonyesha jengo, na mmoja akauliza huyo mama mzee wa kikapu ni nani. Nikasema ni mpangaji. Naona aibu hata kuliandika. Kamba bado iko kwenye buti ya gari, kila nikifungua naikuta.

Nimeongea na Bundi, atahama mwisho wa mwezi. Chumba cha chini ni chako, na rangi ya mlango utachagua wewe. Nisamehe, mama.

Mwanao aliyekukosea,
Mwongera

Mitunguu, 22 Juni 1996

Mwanangu,

Barua yako imefika. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Siku ile ya wageni wako nilikuwa dirishani. Nilikupungia mkono ukatazama kando. Kwa hivyo hayo ya Bundi nilijua si kweli, lakini nilikupa kamba kwa sababu ni wewe uliyeiomba.

Nimekusamehe. Bundi mwambie abaki, ana watoto wa shule. Magoti yamekataa kabisa, ngazi siziwezi tena. Usiniambie utanibeba. Kubebwa mbele ya soko zima nikiwa hai sitaki, hilo lingoje siku yake.

Lakini wateja wangu bado wanasimama chini wakiniita, nami sina la kuwashushia. Niletee kamba yangu. Uje siku ya soko, mchana, watu wakiwa wengi, na uifunge wewe mwenyewe.

Mama yako