Niwekee Chai

Roda, kaka yangu Kefa kaharibu ukweni Saza! Karudi sasa hivi, kanisimulia yote.

Si unajua vijana wa Tunduma wakiaga wanasema "niwekee chai", yaani nitarudi? Basi shemeji zake wakabishana msemo umeanzia wapi. Mmoja akasema ni wa Wazambia. Kefa akacheka, "Acheni hizo, ni wa madereva wa malori!"

Mama mkwe akasema taratibu, "Ni wa mume wangu. Aliniambia hivyo akienda kuchimba dhahabu. Shimo likamfukia."

Roda, mezani kulikuwa na kikombe kimefunikwa tangu Kefa anafika!

Kefa akaomba radhi weee, akainuka. Mlangoni, kwa mazoea tu, yakamtoka: "Haya mama, niwekee chai."

Mama akamtazama. "Na wewe nitakuwekea, baba."

Akaleta kikombe cha pili. Akakifunika.