Mizabibu ya Baba, Mpunguzi

Baba,

Nakuandikia nikiwa nyumbani New Hope, huku ughaibuni, kwenye meza ya jikoni. Nje theluji imegoma kuyeyuka. Siku uliyozikwa nilikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali ninayofanyia kazi kule Saint Paul, nakutazama kwenye kioo cha simu ukishushwa kaburini. Mtandao ukakatika kabla hawajamaliza kufukia. Nikafuta uso, nikarudi wodini.

Kila mavuno ulinipigia. "Zabibu zimeiva, mwanangu, njoo ule." Nami kila mara nikajibu, "Mwakani, Baba." Kulikuwa na mitihani ya uuguzi, kisha shifti, kisha mtoto. Hukuwahi kulalamika. Ulinieleza tu shamba lilivyo, safu kwa safu.

Nisamehe. Tulikuja Desemba, miezi saba baadaye, na hatukuja kukulilia. Tulikuja kuuza. Kaka Yoeli alishapata mnunuzi. Mji wa Dodoma umefika hadi Mpunguzi, Baba, watu wanataka viwanja. Ilibaki sahihi yangu tu.

Nilikuja na Tumaini, mjukuu wako uliyemjua kwa sauti tu. Ana miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Nilimpeleka Bihawana, kwenye misheni ambako mapadri walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa, nawe ukachukua hapo vipando vyako vya kwanza. Tukapanda kile kilima cha mawe. Chini yetu nchi ilikuwa kavu na nyekundu, na katikati yake safu za kijani, nyingi, mpaka macho yanachoka. Nimekulia pale, Baba, na sikuwahi kupatazama.

Shambani tulimkuta jirani yako, Mzee Ndahani, akipogoa mizabibu yako bila kutumwa na mtu. Akampa Tumaini mkasi, akamwelekeza: acha macho mawili ya kuchipua, kata. Mtoto akamaliza safu nzima. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, kwa nini hukunileta babu akiwa hai?"

Nilikwenda nikaketi kando ya kaburi lako, nikalia. Ndipo nilipokuzika.

Jioni nilimwambia Yoeli kuwa sitatia sahihi. "Wewe unalipenda hili shamba ukiwa mbali," akasema. "Mimi ndiye ninayelilima." Alisema kweli, na sikubishana naye. Mwisho tulikubaliana: sehemu ya juu iuzwe, ya chini, yenye kaburi lako, ibaki, na Mzee Ndahani aitunze pamoja na Yoeli.

Juzi Yoeli alinipigia. Mizabibu ya juu imeshang'olewa. Ile uliyoipanda na Mama, mwaka niliozaliwa. Nilimwomba asinitumie picha.

Sijui kama ungekubali. Nakuuliza hata nikiwa naendesha gari, na wewe hunijibu.

Pumzika, Baba. Mwezi wa nane tutakuja kuvuna sehemu iliyobaki. Likizo nimeshaiomba, nimepewa. Tumaini anajifunza kukusalimu kwa Kigogo. Bado anakosea. Mvumilie.

Binti yako,
Mariamu