Saa ya Mama Mkwe

Ngarenaro, Aprili 1993

Baba Princess,

Sisi wazima, ila mvua imebomoa ukuta wa jiko. Saa uliyonitumia kutoka Dubai, ile inayoimba, Princess aliicheka hadi akapaliwa.

Kwaya imepata mwimbaji mpya, Agnela wa Sombetini. Jumapili nilimwona na saa nyembamba ya dhahabu, kama ile ya marehemu mama yako uliyosema iliibiwa msibani. Nikamwomba niitazame. Jina la mama limechongwa nyuma.

"Nani kakupa?"

"Mchumba wangu, kabla hajaenda Dubai. Lakini mbovu, dada. Inasimama tu."

Kumbe hukumwambia kwamba inatiwa ufunguo kila asubuhi! Basi nikambadilishia na yangu inayoimba. Alinikumbatia kwa furaha, maskini.

Ukirudi, najua utaanzia kwake. Ukisikia mkono wake unaimba, usiulize kitu. Vaa viatu uje nyumbani. Saa ya mama ninayo mimi, na inatembea.

Mkeo wa pete na kanisa,
Evaresta