Kambo kwenye Kiti cha Bibi Harusi

Likasi, Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa inadondoka tu kwenye mabati. Mke wangu, Mama Mbombo, ameenda kanisani, mimi nimebaki kwa kisingizio cha mgongo. Mgongo wenyewe hauna neno. Nilitaka kuandika habari ya jana kabla haijapoa.

Jana tulimwoza binti yetu Mbombo, naye yuko Kanada.

Yeye na mchumba wake wanaishi huko wote wawili, ila wazazi wa pande zote tuko hapa hapa Likasi. Kwa hiyo mbuzi aliletwa kwangu, vitenge vikaletwa kwangu, na bibi harusi ilibidi aje kwa mtandao. Kwetu hakuna anayegusa mahari mpaka binti aulizwe mara tatu mbele ya watu, naye ajibu mara tatu. Mbili si tatu.

Tuligombana wiki nzima juu ya jambo moja: aonekane kwenye kompyuta gani? Mimi nilitaka kuazima ile mpya ya shemeji. Mke wangu alitaka Kambo.

Kambo kwetu ni babu au bibi. Ndilo jina nililoipa, kwa dharau yangu, kompyuta ya kubeba ambayo mke wangu anafanyia kazi kwenye kibanda chake karibu na soko, akichapia watu barua na kuandikisha watoto wao vyuoni. Bawaba yake imefungwa kwa waya. Betri ilikufa zamani, anaishi kwa umeme wa ukutani tu.

"Ile machine njo ilisomesha mutoto," mke wangu aliniambia. "Njo itaikala pa kiti yake."

Mashine hiyo ndiyo iliyomsomesha mtoto, basi ndiyo ikae kwenye kiti chake. Ni kweli tupu.

Lazima niseme ninavyomstahi huyu mwanamke. Waliomtengeneza Kambo waliacha kumhudumia miaka mingi iliyopita. Kila mwezi tovuti fulani ilimwambia amezeeka, arudi nyumbani. Mke wangu hakulia. Alitazama video, akajifunza, akafuta mfumo wa zamani na kuweka mwingine, wa bure na mwepesi. Akamwongezea kumbukumbu aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Akamweka juu ya vizibo vinne vya soda ili apumue kwa chini. Na hafungui madirisha mawili kwa pamoja: mzee, anasema, hulishwa tonge moja moja.

Ugonjwa mmoja tu ulimshinda. Kabetri kadogo ka saa ya ndani kamekufa, na ka aina yake hakapatikani tena. Umeme ukikatika, Kambo anasahau tarehe na kurudi mwaka aliotengenezwa. Mtandao nao, ukiona mashine inadai ni mwaka ule, unafunga mlango.

Basi jana Kambo aliketi kwenye kiti cha bibi harusi, amefungwa kitenge kile kile walichovaa dada zake Mbombo. Wageni walicheka, kisha uso wa binti yangu ukatokea, mkubwa, unang'aa, na wakaacha kucheka. Kaka yangu, aliyekuwa msemaji wetu, akasimama kumwuliza kama tuipokee mahari au tuirudishe.

"Mbombo, bantu bameleta bintu. Tukamate ao tubarudishie?"

"Mukamate, Papa mukubwa."

Mara ya pili, hivyo hivyo. Vigelegele. Kaka yangu akakohoa, akafungua kinywa kwa mara ya tatu, na umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Msemaji wa upande wa pili, mzee mtani, akavaa kofia yake kama anayeondoka. "Eh! Mutoto amekatala?" Watu wakacheka, lakini niliwaona mama zake kijana wakitazamana. Nilitoa simu mfukoni nimpigie binti. Mke wangu alinitazama tu, nikairudisha.

Chini ya meza alikuwa ameficha betri ya gari. Hakuniambia. Akaunganisha nyaya, Kambo akaamka taratibu, kwa kujikongoja. Ukurasa ukagoma. Mke wangu akafungua saa ili arekebishe mwaka.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikauona mwaka. Ni mwaka ambao Mbombo alianza shule.

Mkono wake ukasimama. "Hapa eko angali mutoto," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu.

Huwa anaandika mwaka mara moja na kuendelea na kazi; namwona kila siku. Jana alibonyeza mshale, mwaka mmoja mmoja. Nikauona mwaka wa sare iliyomzidi urefu ukipita. Mwaka wa malaria ile mbaya, tulipolala hospitali. Mwaka wa diploma. Mwaka wa uwanja wa ndege, alipokataa kugeuka kutuangalia. Wageni walikuwa wakisubiri, mbuzi akilia uani, naye hakuharakisha. Alipofika kwenye mwaka huu alifuta macho kwa ncha ya kitenge cha Kambo, akabonyeza, na Mbombo akarudi kwetu, mtu mzima.

"Mukamate," akasema binti yangu kwa mara ya tatu. Nilishindwa kupiga makofi. Mikono ilikuwa imeshika kiti.

Sitaki tena kusikia habari za kompyuta mpya, na wa kwanza kuziacha ni mimi mwenyewe.

Haya naandika kwa simu. Umeme ulikatika tena asubuhi, sasa umerudi, na mke wangu atahitaji kukuta Kambo yuko tayari kwa kazi ya kesho. Nimemwasha. Nimefungua saa. Mbombo yuko darasa la kwanza.

Najua mshale uko wapi. Nitabonyeza mama yake akirudi.