Wadhuha ya Shamila

Tunduma, 2 Machi 2025

Wifi Saumu,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, mgahawani kazi ni ile ile. Hofu ni kwenu na baridi ya huko. Mwanangu hajambo?

Naambiwa Shamila kamaliza sura ya Alam Nashrah, na anasoma kama shangazi yake. Kama shangazi yake! Juzi kwenye simu nimesikia anakuita mama. Roho imeniuma, wifi, sikufichi. Sura zake za kwanza nilimfundisha mimi, kabla kaka yako hajafariki nikaja kuhangaika huku. Basi hii inayofuata, Wadhuha, usiiguse. Nakuja Idi, nitamfundisha mwenyewe, na siondoki mpaka aishike yote. Mwambie hivyo.

Wifi yako,
Zamda

Majengo, Sumbawanga, 8 Machi 2025

Wifi Zamda,

Waalaykum salaam. Wazima, mafua tu. Barua kanipa kondakta.

Hee, wifi! Madrasa nzima wananiita mama, niwazibe midomo? Lakini sawa, mtoto ni wako. Wenzake wakianza Wadhuha, namtoa nje akachambue maharage. Ila ukuta wetu ni mabati, na watoto wanaitikia kwa kelele. Nimemwambia ulivyosema, karukaruka huyo!

Wifi yako,
Saumu

Tunduma, 14 Aprili 2025

Saumu,

Nimefika. Hujambo najua, siulizi.

Siku zote zile za Idi, huko Chanji kwa mama yangu, nilikaa na Shamila mkekani. Leo anashika aya mbili, kesho kazipoteza, tunaanza upya. Nikasema basi, mimi sijui kufundisha. Bosi akaniita, nikaaga. Asubuhi ya safari namkuta jikoni, anasubiri uji wa ulezi, anamsomea paka Wadhuha mwanzo mpaka mwisho. Hakwami popote. Na kwa mahadhi yako! Basi lilikuwa linaondoka, sikumuuliza neno.

Ulimfundisha kwa siri ukamwambia anifiche, nionekane mjinga. Hongera.

Zamda

Majengo, 19 Aprili 2025

Wifi Zamda,

Asalaam alaykum. Umekasirika mpaka salamu umenyima, mimi nakusalimu. Na wivu usidhani unao peke yako. Alipokuwa kwako hakuniulizia hata mara moja, nikalia.

Wallahi sikumfundisha. Aliidaka nje, kwenye maharage. Nimemuuliza kwa nini alikuficha. Kalia, halafu kasema, “Mama alisema haondoki mpaka niishike.”

Leo darasani kasimama, kaniambia na Alhamdu, anayoisoma kila sala, kaisahau, nikuite uje umfundishe.

Wifi yako,
Saumu