Pipa la Bluu Nimelitoboa

Baba Atieno,

Pumzika huko uliko, lakini kwanza nisikilize. Pipa lako la bluu nimelitoboa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Atieno walimchukua kazi kiwandani, upande wako ule ule wa kuchanganya dawa ya choo na sabuni ya maji. Nilikataa, akaenda. Wasiwasi wangu unaujua. Kila jioni nilikuwa namnusa nguo pale mlangoni kabla hajamshika mtoto. Ndiyo, ana mtoto, msichana, alizaliwa ukiwa umeshatuacha. Ana meno mawili. Atieno akachoka kunuswa, akasema, "Mama, kuja Jumamosi usikie mwenyewe." Ni yale mafunzo ya usalama uliyokuwa unayakwepa. Bado si lazima, anayetaka anakuja, na siku hizi hata watu wa nyumbani wanakaribishwa. Wewe ulikuwa unasema, "Nyar Katito, miaka yote hii nashika hizo dawa, watanifundisha nini?" Halafu Jumamosi ikifika unapanda juu ya paa kugonga mabati.

Nilivaa sweta ya kanisa. Nikakaa nyuma karibu na mlango, kitu kikilipuka niwe wa kwanza kutoka. Tulipewa chai na mandazi. Mwalimu ni mama wa rika langu. Akatuonyesha glavu, miwani, na bomba la kuosha macho. Mengine yalinipita. Halafu akauliza ni nani amewahi kuweka omena, dagaa wa ziwani, kwa ndoo ya plastiki. Wamama wote mikono juu. "Mkiosha, harufu inatoka?" Tukacheka, tukasema haitoki! Osha na majivu, osha na ndimu, anika wiki nzima, ukifunika tu inarudi. Akasema, "Plastiki inakunywa. Imekunywa omena, na dawa pia inakunywa. Lakini omena inajitangaza. Dawa zingine zinanyamaza, halafu zinatoka pole pole kwa maji yako."

Wengine waliendelea kucheka. Mimi mandazi niliirudisha kwa sahani.

Akilini nililiona pipa letu kule nyumbani, chini ya mabati. Nilikuona siku ile ulipolileta na mkokoteni kutoka kiwandani, dawa yao ikiwa imeisha ndani, jasho limekulowesha, unacheka kama mtu amenunua ng'ombe. Uliliosha mara tatu na majivu na maji moto mpaka mikono ikawa myekundu. Ukaandika kwa rangi iliyobaki ya geti: MAJI YA KUNYWA. Mimi niliacha shule darasa la tatu, unajua. Hapo kwa hilo pipa ndipo uliponikalisha ukanirudishia herufi, moja moja. Na asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo ya mafunzo nilikuwa nimepika uji wa mtoto na hayo maji.

Nilimuuliza mwalimu kando kama maji hayo ndiyo yaliyokuletea presha iliyokuchukua. Akaniangalia vizuri, akasema hajui, na hatadanganya kwamba anajua. Jibu hilo nimelichukua hivyo.

Kwa pipa letu uamuzi haukuwa mgumu. Kazi ilikuwa ile mitungi saba uliyotoa huko huko kiwandani ukawagawia majirani hapa Nyamasaria. Siku ya mazishi yako kila aliyesimama aliisema hiyo mitungi. Sasa mimi ndiye niende kusema ni mibaya? Nililala na hilo jambo siku tatu. Siku ya nne nikamwona mtoto wa Mama Otis, jirani yetu, amebeba mtungi wako kichwani, anakunywa kwa mkono yale yanayomwagika. Nikatoka.

Mama Otis alifikiri nataka kuuza. "Nyar Katito, mwanaume akifa zawadi zake zinarudi?" Nikamwambia habari ya ndoo ya omena. Akamwaga maji yote kwa shimo, akanipa mtungi bila kuniangalia. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Kumbe marehemu alitugawia sumu." Niligeuka. Nikasema, "Alitugawia mitungi ya maji. Hakujua. Angejua, angeibeba yote kwa mgongo wake airudishe." Sauti ilinitoka kubwa, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka.

Nimepata mitano. Mmoja umepasuka zamani. Ule wa Mzee wa kinyozi amekataa kabisa, anasema maji yake hayajamuua. Nitarudi kwake na ndoo ya omena, anuse.

Kiwandani wanayapokea mapipa na mitungi yao ya zamani, mradi iwe imetobolewa, asije mwingine akaichotea maji. Kwa hiyo nilichukua nyundo yako na msumari. Lakini kabla sijagonga, Baba Atieno, niliweka karatasi juu ya maandishi yako, nikayafuata na kalamu yote, hata ile K yako iliyolala. Ndipo nikagonga. Mara ya kwanza msumari uliteleza. Mara ya pili uliingia.

Sasa tuna pipa jeupe, la maji tangu dukani. Nimeliandika kwa rangi kutoka kwa ile karatasi. Atieno amesema, "Mama, hii K imeanguka." Nikamwambia aiache.

Lala salama, baba wa mtoto wangu. Jumamosi nitaenda tena, na sitakaa karibu na mlango. Nitakaa kile kiti cha mbele ambacho wewe hukukikalia.

Mimi wako,
Nyar Katito